Saa ya Baba Ilisimama Saa Ngapi

Baba yangu alikuwa na saa moja tu ya mkononi maisha yake yote, na mtaa wetu mzima pale Ujiji ulikuwa ukiicheka. Ilikuwa saa ya wapiga mbizi: nzito, uso mweusi, kioo kilichochubuka, na pete ya chuma inayozunguka pembeni. Juu ya uso paliandikwa jina kubwa, la zile saa ambazo watu huzitaja pamoja na magari ya kifahari. Sasa mzee wa Ujiji, mwenye nyumba ya udongo iliyopigwa plasta upande wa barabarani tu, ataipata wapi saa ya namna ile? Watu walikuwa na jibu lao. "Mzee, hiyo feki," walimwambia barazani, "tena feki yenyewe ya sokoni Mwanga." Baba alicheka nao, akashusha mkono wa shati, akaomba aongezewe kahawa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa binti yake pekee, na hasira zangu zilikuwa za karibu, mpaka leo ziko hapo hapo. Nilirudi nyumbani nimenuna na kumuuliza kwa nini hawaambii ukweli. "Niwaambie nini?" alisema. "Si nilishawaambia."

Na kweli alishawaambia. Kabla sijazaliwa alikuwa akizamia samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaoishi kwenye mawe ya ziwa letu na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya ndani ya mifuko ya maji. Mwajiri wake alikuwa mzungu mmoja aliyezama naye bega kwa bega. Ilikuwa kazi ya subira. Samaki wa kilindini hapandishwi juu moja kwa moja, tumbo litajaa hewa afe. Walimtia kwenye pipa lenye matundu, wakalipandisha kidogo, wakalifunga kwa kamba lining'inie majini mpaka kesho yake, kisha wakalipandisha tena. Mpiga mbizi naye ni hivyo hivyo, akipanda haraka anaumia. Kazi ya ile pete ilikuwa hiyo. Ukitaka kuzama unaizungusha mpaka kitone chake kikae mbele ya mshale mrefu, halafu unajua umekaa chini dakika ngapi. Mzungu alipofunga kazi kurudi kwao, alivua saa yake pale pale kwenye mchanga wa Kibirizi akamfunga baba mkononi. Habari yenyewe iliishia hapo. Baba hakuitia chumvi hata siku moja, na nadhani ndiyo sababu haikuaminiwa.

Alikuwa na jambo lake jingine kuhusu saa ile. Sisi wote nchi hii tunaona mshale mfupi umekaa kwenye saba, tunasema saa moja. Tumezoea, wala hatuoni ajabu. Baba aliona ni upuuzi. "Saa moja isomeke moja," alisema. Basi aliipanga mishale yake kwa Kiswahili: jua likichomoza mshale mfupi uko kwenye kumi na mbili, na saa moja uko kwenye moja. Na kwa kuwa kwetu Waislamu siku huanza magharibi, aliipanga ile tarehe ndogo ya kwenye kidirisha ibadilike wakati wa adhana ya magharibi, si usiku wa manane kama saa za watu wengine. Nilikuwa nikisimama karibu naye, nashika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nangojea namba iruke. Ilipokuwa imeruka alisema, "Haya, kesho imeingia," akaenda kutawadha.

Nilijifunza kusoma saa kwenye mkono ule. Darasa la pili mwalimu aliniuliza saa ya ukutani inasema saa ngapi, nikataja namba niliyoiona, darasa zima likaangua kicheko. Siku ile nilijifunza kusoma kama wenzangu. Nilijifunza vizuri hata nikasahau kule kusoma kwa kwanza, na kusahau huko kulikuja kunigharimu.

Baba alifariki siku ya Jumanne. Mimi nilikuwa Tabora, ninakofundisha. Alikuwa amelala kitandani wiki nzima, kifua kimebana na miguu imevimba, nami nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilimwambia kwenye simu nitakuja na treni ya Jumanne, ile inayopita Tabora jioni na kufika Kigoma asubuhi ya pili yake. "Treni ya Jumanne," alirudia. Nikasema ndiyo baba. Akasema, "Haya mama, nakungoja." Aliniita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Nilirudi kwenye mitihani yangu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyosikia sauti yake. Mpaka leo nikishika kalamu nyekundu nakumbuka.

Jumanne ile, saa mbili na nusu asubuhi, kaka yangu alinipigia nikiwa ofisi ya walimu. Alisema baba hatunaye tena. Basi la Kigoma lilikuwa limeshaondoka saa kumi na mbili. Nilihangaika stendi, nikauliza magari ya kukodi, nikapiga simu huku na huku, mwishowe kaka akaniambia wazee wamekata shauri, mazishi ni baada ya alasiri. Kwetu maiti haisubirishwi. Nikapanda treni ile ile niliyoahidi. Nilifika Kigoma Jumatano saa tatu asubuhi, nikachukua bajaji pale mbele ya stesheni, na dereva alipoona nalia akazima muziki wake mwenyewe bila kuambiwa.

Nyumbani nilikuta mikeka, wanawake wa mtaani na sufuria kubwa za msiba. Shangazi, mdogo wake baba aliyemuuguza mpaka mwisho, alinishika akanipeleka chumbani kwa baba. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Nilikaa chini, nikaegemea kabati lake la mbao, na pale pale nilikaa kutwa nzima mpaka magharibi ikaingia. Watu walikuja kunipa pole wakainama mmoja mmoja. Sikutaka pole. Nilitaka uso wake. Ningeuona tu kabla haujafunikwa, nikamshika mguu wake uliovimba, mengine yote ningeyastahimili.

Siku ya kusoma arobaini nilirudi tena Ujiji. Baada ya wageni kuondoka, shangazi alifungua lile kabati akatoa kopo la biskuti alimokuwa ameweka vitu vidogo vya marehemu. Alisema hakulifungua tangu siku ile. Ndani, juu ya kipande cha kanga, ilikuwepo saa. Mimi na tabia yetu ya siku hizi, kabla sijaigusa nikaipiga picha kwa simu. Kisha nikainyanyua, na mshale wa sekunde ukaruka ukaanza kutembea. Nilipiga ukelele nikaitupia ndani ya kopo. Kaka, ambaye hata msibani hakosi la kusema, akacheka.

"Ndiyo feki zilivyo hizo, zinashtukashtuka," alisema. "Na tazama tarehe, iko mbele siku mbili kuliko siku aliyofariki. Saa ya maana itakosea tarehe?"

Sikumsikiliza. Nilikuwa natazama picha kwenye simu. Mshale mfupi umevuka kidogo tano, mrefu uko kwenye tatu. Nikasoma kama ninavyosoma saa zote: saa kumi na moja na robo. Tangu utotoni nimesikia watu wakisimulia kwamba saa ya mtu husimama pamoja na mwenyewe, na dakika ile niliamini moja kwa moja. Baba alikata roho alfajiri, saa kumi na moja na robo. Nao wamenipigia saa mbili na nusu. Zaidi ya saa tatu! Basi la Kigoma linaondoka saa kumi na mbili. Wangenipigia muda ule ule, ningelipanda, ningefika saa nane mchana, na alasiri haijaingia.

"Shangazi," nikamuuliza, "baba alifariki saa ngapi hasa?"

"Asubuhi, mwanangu. Jua lilikuwa limeshatoka."

Akainamisha macho akaanza kukunja kile kipande cha kanga. Kule kuinamisha macho kukanimaliza. Nilijua kuna kitu ananificha, na nilijua ni kitu gani. Habari ya tarehe kuwa mbele niliipuuza. Mzee macho yalikuwa yamechoka, nikasema, hata namba zile ndogo alikuwa hazioni tena.

Miaka miwili nilibeba kinyongo hicho. Nilikwenda Ujiji sikukuu hadi sikukuu, nikamwamkia shangazi kwa ncha za vidole, nikampa kaka zawadi za watoto wake mlangoni na kugeuza. Hawakuniuliza nina nini, nami nikaona kutouliza kwao ni ushahidi. Kule Tabora niliweka kengele ya simu saa kumi na moja na robo. Kila alfajiri ilipolia niliamka kumsomea baba Fatiha, na nikishamaliza nilikaa kitandani nikihesabu: sasa wangepiga, sasa ningevaa, sasa ningekuwa stendi. Nilimkumbuka baba kwa namna ya kuchosha. Nilitamani hata kikohozi chake. Siku moja niliona mzee stesheni ameshusha mkono wa shati kwa namna ya baba, nikamfuata mpaka kwenye mabehewa, nikarudi nimejionea haya.

Ndipo kaka akapiga simu. Kuna mtu Dar ananunua saa za zamani, ameiona picha, anasema ikiwa orijino ataitaka bila kubishana, ila kwanza ifunguliwe na fundi, yeye atumiwe picha za ndani. "Saa ni yetu sote," kaka alisema. "Siifungui bila wewe kuwepo." Nilikubali haraka mpaka akashangaa. Hakujua ninachokifuata. Kama saa ni feki ya betri, mishale yake haina maana, betri huisha siku inayopenda yenyewe. Lakini kama ni ya kweli, basi nina shahidi. Nilikwenda Kigoma nikiomba Mungu saa ile iwe ya kweli, ili ndugu zangu wawe waongo.

Fundi saa tuliyemwendea anakaa Mwanga, kwenye baraza moja na mafundi cherehani, nyuma ya sanduku la kioo lililojaa mikanda na saa za ukutani zisizokubaliana. Ni mzee mkavu, lensi iko jichoni muda wote hata akila. Akasalimiana na kaka kwa Kiha, "Mwakeye," mimi nikamwamkia shikamoo. Kaka alipotoa saa mfukoni, mzee yule hakushtuka. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Ya mzee," alisema. "Nilisikia ametangulia. Poleni sana."

"Tunataka kujua kama ni orijino," kaka akasema.

"Tazameni wenyewe."

Akatuwekea lensi kwa zamu. Kwanza aliuchomoa mkanda, akatuonyesha namba iliyojificha ubavuni unapofungwa mkanda. Kila namba ilikuwa imechimbwa kwa kina na kingo zake kali. Za feki, alisema, huwa zimekwaruzwa juu juu. Akatuonyesha vitone vya kung'aa gizani, jinsi vilivyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na rangi ile ile iko kwenye mishale. "Vimezeeka pamoja. Mtu akipachika cha jana utakiona." Akaitikisa mara moja, mshale wa sekunde ukaondoka ukitiririka bila kurukaruka. Kisha akachukua kifaa chake akafungua kifuniko cha nyuma taratibu, akakigeuza. Ndani yake, karibu na mhuri wa kiwanda, kulikuwa na mikwaruzo mitatu midogo iliyopangwa sambamba.

"Hiyo ni mikono yangu," alisema fundi. "Kila nikifungua saa ya mtu naweka alama moja. Mara tatu ameniletea. Hakuna kilichobadilishwa humu. Ni ya kweli, tangu siku ya kwanza."

Kaka alikaa kwenye benchi la cherehani bila kukaribishwa. "Sasa mzee wangu, si wewe uliyekuwa ukiwaambia watu ni feki? Mimi mwenyewe uliniambia!"

"Ego," fundi alikubali bila aibu. "Aliniapisha. Alisema watu wakijua ni ya kweli wataanza kuiheshimu saa, na yeye watamsumbua. Bora waicheke."

Kaka akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu. Nikamwonyesha fundi ile picha, nikamwambia hivi ndivyo tulivyoikuta, mtu hajaigusa tangu ilipovuliwa mkononi mwake alipokata roho. Nikamwambia: "Kwa hiyo alifariki saa kumi na moja na robo. Sivyo?" Niliisema kwa sauti ili kaka asikie.

Fundi alinitazama kwanza mimi, halafu picha.

"Hapana mama. Hii haina betri wala haitiwi ufunguo. Inajazwa na mkono." Akanionyesha ndani kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi, akakisukuma kwa ncha ya kibano, kikazunguka. "Mkono ukitembea, hiki kinazunguka, springi inajikaza. Ukiivua inaendelea kutembea kwa ile akiba. Kama imejaa, siku moja na nusu na ushee kidogo. Ndipo inasimama."

"Kwa hiyo haikusimama alipofariki."

"Saa haijui kama mtu amefariki."

Nilimsogezea simu karibu zaidi. Yeye akaendelea, amekunja uso kidogo. "Na hii unaisoma kama ya nani? Hii ni saa ya mzee. Nikiirekebisha mishale ikae kama ya watu wengine, anarudi kunigombeza hapa mbele za wateja. Isome kwa Kiswahili."

Nilitazama simu yangu. Mshale mfupi umevuka tano. Mrefu uko kwenye tatu. Tano na robo. Saa tano na robo! Nilikuwa nimeshika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nimefundishwa na mwenyewe, nami nimeisoma saa yake kama mgeni.

Nikahesabu kwa vidole pale pale barazani kama mtoto. Tarehe iko mbele siku mbili, maana yake Alhamisi. Lakini tarehe yake hubadilika magharibi, kwa hiyo Alhamisi yake imeanza Jumatano jua lilipozama. Saa tano na robo, basi, ni ya usiku wa kuamkia Alhamisi, maana akiba isingefikisha saa tano ya mchana wake. Nikarudi nyuma siku moja na nusu na ushee. Nikaangukia Jumanne, saa mbili asubuhi. Jua limeshatoka, kama shangazi alivyosema.

Sikuweza kumtazama kaka. "Mlinipigia mara moja," nilisema.

"Nilikupigia shangazi akiwa bado hajamfunga kidevu," alijibu. Cheko lote lilikuwa limemtoka. "Wewe ulidhani nini?"

Nilimwambia nilichodhani, chote, na kengele ya simu, na ncha za vidole. Mafundi cherehani walipunguza kukanyaga mashine zao ili wasikie vizuri. Kaka hakunigombeza. Alisogea kwenye benchi akanipa nafasi nikae. Nilipokaa ndipo jambo jingine likanijia, nalo lilinipiga zaidi ya lile la kwanza. Jumatano ile nilikaa kutwa chumbani kwa baba nimeegemea kabati. Saa ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya mgongo wangu, inatembea. Magharibi tarehe yake iliruka na mimi niko pale pale. Nilidhani nimefika kila kitu kimekwisha, kumbe alichokisukuma kwa mkono wake kilikuwa hakijasimama bado, na hakuna aliyejua anipe nikishike.

Fundi alikuwa anafunga kifuniko. "Ila kuna jambo sielewi," alisema, kama anayejisemea. "Mzee alikuwa mgonjwa wa kulala?"

"Wiki nzima," kaka alijibu.

"Basi isingefika siku moja na nusu. Mgonjwa aliyelala haijazi saa hii. Ingesimama jioni ile ile. Huo mkono haukutulia."

Tulirudi Ujiji kwa bajaji. Shangazi tulimkuta uani kwenye mkeka anachambua dagaa, anatenga mchanga upande mmoja. Nilipiga magoti mbele yake, kitu ambacho sikukifanya miaka miwili, nikamshika miguu, nikamwomba radhi. Alinitazama kwa wasiwasi, akamtazama kaka, akaniambia niinuke nitajichafua. Kaka akamweleza aliyoyasema fundi. Alipofika kwenye mkono ambao haukutulia, shangazi aliacha dagaa.

"Nilikuficha, mwanangu," alisema. "Hilo ni kweli, nilikuficha."

"Ulinificha nini?"

"Ilikuwa Jumatatu, imeingia magharibi. Tarehe ikabadilika kwenye saa yake. Akaniambia, leo Jumanne, mama yangu anakuja na treni. Nikamwambia bado kaka, Jumanne ya treni ni kesho jioni, na kufika ni keshokutwa. Akasema haya. Baada ya muda kidogo akainua mkono, akatazama saa. Akaushusha. Akauinua tena. Akawa anautikisa, kama anayedhani imesimama, anaiweka sikioni. Ananiuliza, treni imefika? Nasema bado. Haya. Mkono juu tena. Mpaka asubuhi alikuwa hivyo hivyo, mwanangu. Hata sauti ilipomkauka mkono haukuacha kupanda." Alijifuta macho kwa upande wa juu wa mkono kwa sababu vidole vilikuwa na dagaa. "Ulivyoingia pale mlangoni unalia, ningekuambiaje hayo? Nikasema bora asijue."

Nililia juu ya mkeka wa dagaa na sikujali uchafu. Baba hakufika kwenye treni yangu. Lakini aliitikisa ile saa, akaijaza kwa kuningoja, mpaka ikapata nguvu ya kuvuka Jumanne yote bila yeye, na Jumatano asubuhi nilipoingia mlangoni ilikuwa bado inakwenda.

Nilipotulia nilimwona kaka amesimama barazani na simu yake. Mnunuzi wa Dar alikuwa amepiga mara mbili. Kaka, aliyeitaka pesa ya saa ile kuliko mtu yeyote, tena kwa haki, maana paa la nyumba ya baba linavuja upande wa jikoni, alikuwa anaandika kwa kidole kimoja. Alipomaliza alinionyesha kabla ya kutuma. Aliandika: "Bosi, tumeipeleka kwa fundi. Ni feki. Samahani kwa usumbufu."

"Utaivaa wewe," aliniambia. "Mkono wangu mnene."

Mkono wake si mnene. Naivaa mimi. Barazani Ujiji wananiuliza kama ndiyo ile feki ya mzee, nami nasema ndiyo hiyo hiyo, na walimu wenzangu Tabora wanaona sijui hata kuipanga, kwa sababu mishale iko upande wa pili na tarehe inaruka jua linapozama. Kengele ya alfajiri nimeifuta, Fatiha naisoma saa mbili asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Paa tulilitengeneza polepole. Na kila nikiwa safarini kwenda Kigoma, shangazi hupiga simu kuuliza treni imefika wapi, nami kabla ya kumjibu huinua mkono kwanza nikatazama saa.